Mama, haikuwa kosa lako: historia ya dawa zinazomkinga mtoto na virusi vya ukimwi, kutoka Kinshasa hadi Goma

Kipindi chetu cha afya kinapokwisha, simu ya redio huendelea kulia kwa muda. Kuna wasikilizaji ambao hawapendi sauti yao isikike hewani, basi wanangoja tufunge maikrofoni ndipo wanapiga. Siku moja mama mmoja alipiga hivyo. Hakusema jina lake, nami sikumwuliza.

Aliniambia: "Mwanangu, mtoto wangu wa kwanza nilimzaa hapa Goma mwaka 1999. Alikufa kabla ya kufikisha miaka mitatu. Wa mwisho nilimzaa mwaka 2015 na ni mzima kabisa, walimpima mara tatu hawakukuta virusi. Mimi ni yule yule, damu yangu ni ile ile. Sasa yule wa kwanza nilimkosea nini?"

Nilimjibu tu kwamba hakumkosea kitu. Lakini niliposhika njia ya kurudi nyumbani niliona jibu langu lilikuwa fupi mno kwa mtu aliyebeba swali hilo miaka yote hii. Pia najua si yeye peke yake. Wako akina mama wengi Goma, Sake, Masisi, Rutshuru na Nyiragongo waliozika watoto bila kuelezwa sababu, na wengine leo wanahamahama na mimba tumboni na vidonge mfukoni. Ndiyo maana nimeandika habari hii yote, ili anayeweza kusoma amsomee asiyeweza.

Ugonjwa uliojulikana kwa kuchelewa

Dunia ilianza kusikia habari za sida mwezi wa sita mwaka 1981, wakati waganga wa Marekani walipotangaza vijana wachache waliougua ugonjwa wa ajabu. Mwaka 1983, Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris walivitambua virusi vyenyewe. Lakini virusi hivyo vilikuwa kwetu zamani sana kabla ya hapo. Damu ya mtu mmoja iliyochukuliwa Kinshasa mwaka 1959, wakati mji ukiitwa bado Léopoldville, ilipimwa miaka mingi baadaye na kukutwa na virusi. Wataalamu waliochunguza ukoo wa virusi hivyo walieleza mwaka 2014 kwamba vilianza kusambaa kutoka Kinshasa karibu na mwaka 1920, vikifuata reli, mito na biashara ya wakati wa wakoloni. Kwa hiyo kuna bibi zetu waliovipitisha kwa watoto wao miaka sitini kabla ya mtu yeyote kuvipa jina.

Mwaka 1984, hospitali ya Mama Yemo mjini Kinshasa ilikuwa makao ya kazi kubwa ya utafiti iliyoitwa Projet SIDA. Pale walifanya kazi pamoja waganga wa Zaire, kama Bila Kapita, na wenzao kutoka Marekani na Ubelgiji, kama Jonathan Mann na Peter Piot. Jambo moja walilochunguza ni hili hili la mama na mtoto. Waliwafuata wanawake waliojifungua Kinshasa, wakawapima na watoto wao, na mwaka 1989 matokeo yao yalichapishwa. Kumbuka basi kwamba kati ya mambo ya kwanza ambayo dunia ilijifunza juu ya ugonjwa huu kwa watoto, mengi yalitoka kwa akina mama wa nchi yetu.

Waganga walielewa kwamba mtoto ana milango mitatu ya kupatia virusi. Mlango wa kwanza ni tumboni, wakati wa mimba. Wa pili ni wakati wa kuzaliwa, damu ya mama na mwili wa mtoto vinapogusana. Wa tatu ni kunyonya. Bila dawa yoyote, kati ya watoto 100 waliozaliwa na mama mwenye virusi, ni 15 hadi 45 wanaoambukizwa. Hesabu hiyo inapanda kadiri mtoto anavyonyonya kwa muda mrefu. Maana yake ni kwamba hata bila dawa, wengi walizaliwa na virusi havikuwashika. Si kwa sababu mama mmoja alikuwa mwema na mwenzake mbaya. Wingi wa virusi katika damu, muda wa uchungu, na mengine ambayo mama hawezi kuyaona wala kuyachagua, ndivyo vilivyoamua.

Wakati huo watu wengi hawakutaka hata kusikia. Kinshasa walitania kwamba herufi za SIDA, kwa Kifaransa, maana yake ni ugonjwa wa kubuni wa kuwakatisha wapenzi tamaa. Mwaka 1987 Luambo Makiadi Franco alitoa wimbo wa kuwaonya watu juu ya sida, akafa miaka miwili baadaye. Mwezi wa tisa mwaka 1991 askari wasiolipwa walipora mji wa Kinshasa, wageni wakakimbia, na Projet SIDA ikafungwa. Kwa hiyo nchi iliyofundisha dunia ilibaki bila labo na bila fedha, wakati elimu ilipoanza kugeuka kuwa dawa.

1994: habari njema ambayo haikufika Goma

Mwezi wa pili mwaka 1994, watafiti wa Marekani na Ufaransa walitangaza jambo lililowashangaza hata wao wenyewe. Walikuwa wamewapa wanawake wenye mimba dawa inayoitwa AZT, iliyokubaliwa tangu 1987 kwa kutibu watu wazima. Kati ya wanawake ambao hawakupewa dawa, watoto kama 25 kwa kila 100 waliambukizwa. Kati ya waliopewa, walikuwa 8. Kwa mara ya kwanza iliwezekana kusema kwamba mtoto wa mama mwenye virusi anaweza kukingwa.

Miezi mitano baadaye, mwezi wa saba mwaka huo huo, mamia ya maelfu ya watu kutoka Rwanda waliingia Goma kwa siku chache. Waliofika mapema walilala barabarani na kwenye viwanja vya shule, wengine wakapelekwa Kibumba, Katale na Mugunga. Kipindupindu kiliwaua watu kwa makumi ya maelfu. Mawe ya volkano yalikuwa magumu mno kuchimba makaburi, maiti zikafungwa kwenye mikeka na kupangwa kando ya barabara. Mimi nilikuwa mtoto mdogo, lakini mikeka ile ninaikumbuka.

Nani angezungumza juu ya AZT Goma mwaka ule? Hata kama mtu angezungumza, dawa ile ilikuwa ghali, ilitakiwa inywewe mara nyingi kwa siku, mama atundikiwe nyingine ndani ya mshipa wakati wa uchungu, mtoto apewe dawa ya maji wiki sita, tena asinyonye kabisa. Ilikuwa dawa ya hospitali yenye umeme, maji na fedha. Baadaye vilikuja vita vya 1996 na vile vya 1998. Goma ikawa chini ya RCD, ikatengwa na Kinshasa, na mpango wowote wa serikali haukuweza kutoka huko kuja huku.

1999: kidonge kimoja cha Kampala

Hapa ndipo tunafika kwa yule mama wa simu. Alimzaa mtoto wake mwaka 1999.

Mwaka huo huo, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, waganga wa Uganda na wa Marekani walimaliza utafiti uliowahusu akina mama zaidi ya 600. Walijiuliza: kama AZT ya miezi mingi haiwezekani Afrika, ni kitu gani kidogo kabisa kinachoweza kusaidia? Walijaribu dawa inayoitwa nevirapini. Mama alimeza kidonge kimoja tu uchungu ulipoanza. Mtoto alipewa matone machache ndani ya saa 72 baada ya kuzaliwa. Basi. Watoto walipofikisha miezi mitatu na nusu hivi, walioambukizwa katika kundi la nevirapini walikuwa 13 kwa 100. Katika kundi lililopewa AZT ya siku chache walikuwa 25. Matokeo yalichapishwa mwezi wa tisa mwaka 1999.

Kampala si mbali. Ni huko magari yetu ya mizigo yanakochukua sabuni, mafuta na nguo. Mfanyabiashara wa Goma alikuwa anakwenda na kurudi hata wakati wa vita. Lakini kidonge hakikuja na mizigo hiyo, kwa sababu kidonge peke yake hakitoshi. Ni lazima kuwe na kipimo cha damu, muuguzi aliyefundishwa, materinite ambako mama anakwenda kujifungua, na mtu wa kulipa. Mwaka 2000 kiwanda kinachotengeneza nevirapini, Boehringer Ingelheim, kilitangaza kwamba kitaitoa bure kwa miaka mitano kwa nchi maskini. Hata bure, ilihitaji barabara ya kupitia.

Mwaka 2001 Cipla, kiwanda cha India, kilisema kitauza dawa tatu kwa pamoja za kutibu sida kwa dola 350 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja, wakati bei ya Ulaya na Marekani ilikuwa inapita dola 10,000. Mwezi wa kwanza mwaka 2002 Mfuko wa Dunia wa kupambana na sida, kifua kikuu na malaria ulianza kazi. Mwezi huo huo, tarehe 17, Nyiragongo ililipuka, moto ukapita katikati ya mji wa Goma hadi ziwani. Hospitali ya DOCS, ambayo leo tunaiita HEAL Africa, ilimezwa na lava. Ilijengwa upya, na baadaye ikawa mojawapo ya sehemu ambapo watu wanaoishi na virusi walipata huduma hapa mjini.

Wakati wote huo mtoto wa yule mama alikuwa anaumwa.

Bukavu ilionyesha kwamba inawezekana

Miaka ile kulikuwa na wakubwa huko ng'ambo waliosema dawa za sida haziwezi kutolewa Afrika, sembuse mahali pa vita. Walisema watu wetu hawana saa za kujua wakati wa kumeza, wataacha dawa njiani, na virusi vitakuwa sugu.

Jibu moja lilitoka kwa jirani zetu. Mwezi wa kumi mwaka 2003, Waganga Wasio na Mipaka (MSF) walianza kutoa dawa hizo Bukavu. Mwezi wa tano na wa sita mwaka uliofuata, mji ukaingia katika mapigano. Raia walijifungia nyumbani siku kadhaa. Lakini mpango haukufa. Wagonjwa walikuwa wameelezwa mapema nini cha kufanya vurugu ikitokea, na walio wengi waliendelea na dawa zao. Waganga wa Bukavu waliandika habari hiyo mwaka 2007, ikasomwa sehemu nyingi. Somo lake ni rahisi: mgonjwa huandaliwa kwa siku ya vita wakati kuna amani.

Mwaka 2004 serikali ya Kinshasa iliunda PNMLS, mpango wa taifa wa kupambana na sida katika sekta zote. Tarehe 14 mwezi wa saba mwaka 2008 ilitiwa saini sheria nambari 08/011, inayolinda haki za watu wanaoishi na virusi. Sheria hiyo inakataza ubaguzi na inalinda siri ya mgonjwa. Ninaitaja hapa kwa sababu bado kuna muuguzi anayesoma matokeo kwa sauti mbele ya foleni. Nimeliona hilo kwa macho yangu katika kituo kimoja, na mama aliyesomewa hakurudi tena kuchukua dawa. Ndugu muuguzi, maneno yako ya dakika moja yanaweza kumgharimu mtoto maisha yake.

Swali la maziwa

Mlango wa tatu, ule wa kunyonya, ndio uliowasumbua watu zaidi. Miaka ya mwanzo mama aliambiwa: ukiwa na virusi, usimnyonyeshe mtoto, mpe maziwa ya kopo. Huko Ulaya hilo liliwezekana. Sasa fikiria mama wa Birere au Majengo, anayenunua maji kwa kidumu, maji yaliyotoka ziwani. Anunue kopo kila wiki kwa fedha gani? Aoshe chupa kwa maji gani? Jirani akimwuliza mbona hunyonyeshi, ajibu nini? Kutonyonyesha kulikuwa kama kutangaza ugonjwa wako uani.

Botswana, nchi yenye uwezo kutushinda, iligawa maziwa ya kopo bure. Mwaka 2006 mvua kubwa zilichafua maji, kukazuka kuhara, na watoto wengi waliokufa walikuwa wale wasionyonya. Waganga walitambua kwamba kumkimbiza mtoto na virusi kunaweza kumpeleka mikononi mwa kuhara.

Njia ilipatikana kwa utafiti uliopewa jina la Kiswahili, Kesho Bora, uliofanyika Kenya, Burkina Faso na Afrika Kusini. Akina mama walipewa dawa tatu tangu wakati wa mimba, wakaendelea nazo wakinyonyesha. Maambukizi yalipungua kuliko kwa wale waliopewa dawa za muda mfupi: kufikia mwaka mmoja, walioambukizwa walikuwa kama 5 kwa 100, badala ya 9 hivi. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani (OMS) linashauri kwamba katika nchi kama yetu mama mwenye virusi anyonyeshe, mradi anameza dawa. Miezi sita ya kwanza ampe maziwa yake tu, bila maji, bila uji, bila maziwa ya ng'ombe. Baadaye aongeze chakula huku akiendelea kunyonyesha.

Nimesikia kambini mama mkubwa akimwambia binti yake aache kunyonyesha "kwa sababu ya ile damu." Yule bibi hakusema uongo, alirudia alichofundishwa zamani. Elimu ilibadilika, lakini hakuna aliyerudi kumwambia.

Kutoka kidonge kimoja hadi dawa ya kila siku

Kidonge kimoja cha nevirapini kiliokoa watoto wengi, lakini kilikuwa na kasoro mbili. Kilimwacha mama bila matibabu: mtoto alikingwa, mama akarudi nyumbani na ugonjwa wake. Pia mara nyingi virusi vilivyobaki ndani ya mama viliizoea dawa hiyo, ikawa vigumu kumtibu nayo baadaye.

Mwaka 2011 Malawi ilichukua uamuzi ambao nchi tajiri hazikuuthubutu. Mashine za kupima nguvu za mwili zilikuwa chache, na kungoja matokeo kulimaanisha mama anajifungua kabla hajaanza dawa. Basi Malawi ilisema: kila mama mwenye mimba anayekutwa na virusi aanze dawa tatu siku hiyo hiyo, na aendelee nazo maisha yake yote. Njia hiyo waganga waliiita B+. OMS iliishauri kwa nchi nyingine mwaka 2013, na nchi yetu nayo ikaifuata. Mwaka 2015 OMS ilikwenda mbali zaidi: kila mwenye virusi, mwanaume, mwanamke au mtoto, aanze dawa mara moja.

Mwaka 2015 ndio mwaka yule mama wa simu alimzaa mtoto wake wa mwisho. Alikwenda CPN, akapimwa damu, akaanza kidonge kimoja kwa siku chenye dawa tatu ndani yake. Alijifungua materinite, mtoto akapewa dawa ya maji, akanyonya. Mama anapomeza dawa vizuri, hatari inashuka chini ya watoto 5 kwa 100 hata akinyonyesha, na anapoanza mapema inashuka zaidi. Tangu 2019 OMS inashauri kwa wanawake pia dawa yenye dolutegravir, ambayo inashusha virusi haraka. Ndani ya kidonge kinachotolewa siku hizi, TLD, ndimo ilimo.

Kwa hiyo mama, swali lako jibu lake ni hili. Damu yako haikubadilika, wala mapenzi yako kwa watoto. Kati ya 1999 na 2015 kilichobadilika ni dawa, bei yake, na kuwepo kwa kituo kilichoweza kukupimia. Mtoto wako wa kwanza alizaliwa mwaka ambao dawa ilikuwa Kampala na haikuwa Goma.

Dawa mahali pa kukimbia

Ningependa kumalizia hapo, lakini Goma haituachi. Dawa ya kila siku inamtaka mtu awe karibu na kituo chake. Sisi tunaondoka kila mara: mwaka 2008 watu walikimbilia Kibati na Mugunga; Novemba 2012 M23 walichukua mji kwa siku kumi na moja; tarehe 22 Mei 2021 volkano ililipuka tena, na siku tano baadaye tukaamriwa kuhama, watu wakaenda Sake, Minova, Rutshuru na Gisenyi na walichoweza kubeba. Tangu 2022, Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala na Rusayo zilijaa wahami wa vita.

Katika moja ya kambi hizo mama mmoja aliyetoka upande wa Sake mwezi wa pili mwaka 2024 alinionyesha fundo kwenye pembe ya kitenge chake. Ndani mlikuwa na vidonge sita. Aliacha kopo nyumbani kwa sababu kopo linalia njiani na lina maandishi. Hakuwa amekwenda kituoni kambini kwa kuogopa foleni: wote waliopanga pale ni majirani wa kijijini kwake. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Tulimtafutia mtu wa afya wa kumpokea pembeni, akapata dawa kesho yake. Ni wangapi ambao fundo lao liliisha bila mtu kuuliza?

Mama akiacha dawa, virusi huongezeka tena ndani ya wiki chache, na mlango uliokuwa umefungwa unafunguka. Hilo ndilo jambo la hatari zaidi katika vita kwa mtoto aliye tumboni au anayenyonya.

Mwanzo wa mwaka 2025 mapigo mawili yalikuja katika wiki moja. Tarehe 20 Januari serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Fedha zake za sida, PEPFAR, zilifanya kazi zaidi Kinshasa na upande wa Katanga. Sisi wa Kivu tunategemea hasa Mfuko wa Dunia, lakini Marekani ndiyo mchangiaji wake mkubwa, na mashirika mengi ya kiutu hapa kwetu yaliajiri watu kwa fedha hizo hizo. Tarehe 27 Januari M23 waliingia Goma. Hospitali zilijaa majeruhi, maghala yaliporwa, uwanja wa ndege ukafungwa, mabenki yakafungwa. Mwezi wa pili wahami wa kambi za kando ya mji walitakiwa kuondoka, wengine wakarudi vijijini ambako kituo cha afya hakina hata mlango.

Wauguzi wengi wa mji huu waliendelea kufungua vituo vyao bila mshahara. Hilo nalo ni sehemu ya historia, na lazima liandikwe.

Ya kushika kwa kila familia

Kutokana na yote haya, nimechukua mambo machache ambayo watu wa afya wanayarudia kila siku.

Ukiwa na mimba, nenda CPN mapema, upimwe. Kama mume anakubali, mwende pamoja. Mama ndiye anapimwa wa kwanza, lakini hiyo haimaanishi ndiye aliyeleta ugonjwa nyumbani. Waume zetu, tuache kumfukuza aliyetuletea habari.

Kama uko kwenye dawa na umehama, ingia kituo chochote kinachotoa dawa hizo. Chukua kadi yako. Kama kadi imepotea, chukua kopo tupu au kidonge kimoja kilichobaki, au taja tu jina la kituo chako cha zamani. Usione haya kusema umekosa siku kadhaa. Ukisikia hali inachafuka, omba mapema dawa za miezi zaidi. Usigawane vidonge na mwingine, hata kwa huruma, kwa sababu wote wawili mtabaki bila kinga.

Mtoto apewe dawa yake ya maji tangu siku ya kuzaliwa, apimwe akifika wiki sita, kisha tena kadiri muuguzi atakavyosema, hadi kipimo cha mwisho baada ya kuacha kunyonya. Kipimo cha wiki sita kinatafuta virusi vyenyewe katika tone la damu. Kwa miaka mingi tone hilo lilisafirishwa likiwa limekaushwa kwenye karatasi hadi Kinshasa, na majibu yakachelewa mpaka mama amekwisha kuhama. Ndiyo sababu wacha namba ya simu ya mtu unayemwamini.

Aliyebakwa asingoje. Kuna dawa za kuzuia virusi, lakini zinafaa zikianzwa ndani ya saa 72.

Na kwa wakubwa wote wenye silaha na wenye mihuri, upande wowote mlipo: gari la dawa likifika kwenye kizuizi, lipite. Mwaka 1999 tulikuwa na sababu ya kusema dawa haikujulikana bado hapa. Leo inajulikana, ni kidonge kimoja kwa siku, na muuguzi wa Masisi anajua kuitoa. Mtoto akiambukizwa leo kwa sababu barabara imefungwa, hatutakuwa na la kumwambia mama yake akipiga simu baada ya miaka ishirini.

Yule mama alinipigia tena wiki mbili baadaye. Nilimsomea sehemu ya habari hii kwenye simu. Alinyamaza, nikadhani laini imekatika. Kisha akasema mtoto wake wa kwanza alikuwa anapenda ndizi, akaniomba niliandike hilo pia. Nimeliandika.